Siku Yetu Wenyewe: Historia Fupi ya Darsa za Programu kwa Wanaoanza



Kuna suala moja linatujia mara kwa mara, na wanaolileta wengi wao ni mabiharusi wapya. Dada amemaliza skuli, ameolewa, amekubaliana na mumewe kwamba atatafuta kazi ya kufanya akiwa nyumbani. Amesikia kuwa kuandika programu za kompyuta ni kazi ya namna hiyo. Akaenda kwenye kikao cha watu wa programu, akakaa safu ya nyuma, akasikiliza saa mbili nzima bila ya kufahamu kitu. Alipoondoka kuwahi sala ya Magharibi, ilikuwa ndiyo mara ya mwisho. Kisha anatuuliza: je, tatizo ni mimi?

Hatudhani hivyo. Na kwa kuwa sisi wenyewe tuko mbioni kupanga vikao vya kina dada wanaoanza, tumeona kabla ya kuchagua mada na kupika visheti, tuangalie kwanza walioanza kabla yetu walifanyaje. Historia ya mambo haya ni ndefu kuliko wengi wetu tunavyofikiri, na sisi wanawake tumo ndani yake tangu siku ya kwanza.

Tuanzie kwetu

Katika Sahihi ya Imam Bukhari mna hadithi iliyopokewa na Abu Said al-Khudri, Allah amridhie. Wanawake walimwendea Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, wakamweleza kwamba wanaume wamewazidi katika kuwa karibu naye, basi awawekee siku yao. Akawaahidi siku, akakutana nao, akawawaidhi na kuwafundisha.

Tuitazame vizuri hadithi hii. Wale wanawake hawakukatazwa kufika kwenye darsa. Walikuwa wanafika, lakini nafasi ya kuuliza haikuwa inawafikia. Wakaona tatizo liko kwenye mpango wa kikao, wakasema wazi, na mpango ukabadilishwa. Naye Bi Aisha, Allah amridhie, amepokewa akiwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya zao hazikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Haya walikuwa nayo, na suala wakauliza.

Halafu yupo Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, mwanzoni mwa karne ya 9. Jina lake, lilipoingia kwenye Kilatini, ndilo lililozaa neno algorithimu, yaani hatua za kufuata moja baada ya moja mpaka ufike kwenye jawabu. Kila programu iliyomo kwenye simu yako imejengwa kwa hatua kama hizo. Kitabu chake cha al-jabr ndicho kilichoipa aljebra jina lake. Katika utangulizi wake alieleza kuwa anakusudia hesabu nyepesi na zenye manufaa ambazo watu wanazihitaji katika mirathi, wasia, kugawana mali, kesi na biashara. Sehemu kubwa ya kitabu ni masuala ya mirathi: mtu kafa, kaacha warithi hawa na deni hili, kila mmoja anapata nini?

Mwalimu mkubwa kama huyo alimwanzishia msomaji wake kwenye jambo ambalo tayari linamkera nyumbani kwake. Tutalirudia hili tutakapofika kwenye mada zetu.

Wanawake sita wa Philadelphia

Sasa tuvuke bahari. Mwezi Februari 1946, Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, Marekani, kiliwaonesha watu mashine iliyoitwa ENIAC, kompyuta kubwa iliyojaza chumba kizima. Waliopewa kazi ya kuipangia mahesabu yake walikuwa wanawake sita: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Hapakuwa na kitabu cha kuwafundisha wala mwalimu aliyewatangulia. Walisoma michoro ya nyaya za mashine, wakawauliza wahandisi walioijenga, wakafundishana wenyewe kwa wenyewe. Siku ya maonyesho mashine ilifanya kazi, lakini wao hawakutambulishwa. Miaka mingi ilipita kabla majina yao kujulikana.

Baada yao akaja Grace Hopper. Mwaka 1952 alikamilisha kompaila yake ya mwanzo, nayo ni programu inayochukua maagizo ya mtu na kuyageuza yawe maagizo ya mashine. Alishikilia kuwa kompyuta iandikiwe kwa maneno ya kawaida ili hata mtu wa ofisini asiyekuwa mwanahisabati aweze kuitumia. Wengi waliona haiwezekani. Kazi yake ndiyo iliyochangia kuzaliwa kwa COBOL, lugha iliyokuja kuendesha mabenki na maofisi duniani kwa miongo mingi.

Kwa hivyo dada anapoambiwa kwamba kompyuta ni mambo ya wanaume, ajue kuwa anayesema hivyo hajasoma historia.

Kazi ya programu kutoka nyumbani si jambo jipya

Mabiharusi wetu, kisa hiki ni chenu. Mwaka 1962 huko Uingereza, Stephanie Shirley alianzisha kampuni ya programu akiwa nyumbani kwake, kwa mtaji wa paundi 6. Alikuwa amefika nchi ile akiwa mtoto mdogo mwaka 1939, mkimbizi aliyeletwa kwa treni bila ya wazazi wake. Kampuni yake iliwaajiri wanawake waliokuwa na ujuzi wa kompyuta lakini waliacha kazi walipoolewa au walipojifungua. Walifanya kazi nyumbani, programu zikiandikwa kwa penseli kwenye karatasi, watoto wakicheza pembeni. Katika watu 300 wa mwanzo wa kampuni ile, wanaume walikuwa 3 tu. Alipoona barua zake za kuomba kazi hazijibiwi, alianza kuzitia saini kwa jina la Steve, na majibu yakaanza kuja. Kina mama hao ndio walioandika programu za kuchambua kumbukumbu za safari za ndege ya Concorde.

Hii ilikuwa kabla ya intaneti na kabla ya simu za mkononi. Wanawake wale walikuwa na ujuzi na nia tangu zamani. Walichokosa ni mpango wa kazi unaolingana na maisha yao, na alipotokea mtu wa kuupanga, kazi ikafanyika.

Vikundi vya watumiaji vilivyoanza

Kikundi cha watumiaji, yaani watu wa mji mmoja au wa mashine moja wanaokutana kusaidiana, kina asili yake. Mwaka 1955, katika eneo la Los Angeles, watu waliokuwa wakitumia kompyuta ya IBM 704 waliona kuwa kila kampuni inaandika upya programu zile zile ambazo jirani yake keshaandika. Wakaunda kikundi wakakiita SHARE, jina ambalo maana yake ni kushirikiana. Kilikuwa kikundi cha mafundi wa makampuni makubwa. Anayeanza hakuwa na pake, kwani hapakuwa na mtu mwenye kompyuta nyumbani.

Miaka 20 baadaye mambo yalibadilika. Tarehe 5 Machi 1975, watu wapatao 30 walikusanyika kwenye gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California. Walikuja kuiona Altair 8800, kompyuta ndogo isiyokuwa na skrini wala kibodi, swichi na taa tu. Kikundi hicho kiliitwa Homebrew Computer Club, na mmoja wa waliohudhuria siku ile alikuwa Steve Wozniak, ambaye baadaye aliunda kompyuta ya kwanza ya Apple na kuwaonesha wenzake wa kikundi.

Gereji ilipokuwa ndogo walihamia kwenye ukumbi, na Lee Felsenstein akawa ndiye anayeongoza vikao. Utaratibu wake ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza watu husimama mmoja mmoja, kila mtu akasema anafanya nini, ana nini cha kugawa, na anatafuta nini. Baada ya hapo huachiwa wakatawanyika, kila mtu akamfuata yule aliyemsikia ana jambo linalomhusu. Atakaye kujifunza humwona anayejua, na aliye na kifaa cha ziada humwona anayekihitaji.

Utaratibu mzuri huo, na sisi tunautaka. Lakini tuseme ukweli: waliokuwemo ukumbini takriban wote walikuwa wanaume, na wengi wao walikuwa wameshazoea kuchomelea nyaya. Vikundi vingi vilivyofuata vilirithi tabia ile. Mzungumzaji huzungumza na wanaojua wenzake, vicheko ni vya ndani, na mgeni hukaa nyuma. Wakati huo huo kompyuta za nyumbani zilitangazwa kama michezo ya watoto wa kiume. Marekani mwaka 1984 wanawake walikuwa kama asilimia 37 ya waliohitimu shahada ya sayansi ya kompyuta. Baada ya hapo idadi ikaanza kushuka, na kufikia miaka ya 2010 ilikuwa karibu na asilimia 18. Sababu za kushuka huko ni nyingi, lakini yule dada wa safu ya nyuma anaijua mojawapo kwa kuionja mwenyewe.

Boston, 2011

Kisa kilichotufaa zaidi katika mipango yetu ni cha mji wa Boston. Kulikuwa huko na kikundi cha watumiaji wa Python, lugha ya programu iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum, inayopendwa kwa kusomeka kirahisi. Kikundi kilikuwa hai na mada zake zilikuwa nzuri, lakini wanawake walikuwa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Hakuna aliyewafukuza. Hawakuwa wanakuja, na waliokuja hawakurudi.

Mwaka 2011 Jessica McKellar na Asheesh Laroia walianzisha warsha ya wanaoanza, ya wanawake na marafiki zao. Mwanamme aliweza kuja kama amealikwa na mwanamke anayeshiriki. Tulipoisoma warsha yao hatua kwa hatua tuliona kuwa kila hatua inajibu tatizo moja.

Ijumaa jioni ilikuwa ya kutayarisha mashine tu. Washiriki walikuja na laptopu zao, wakasaidiwa kuweka Python, wakajaribu kama inafanya kazi, na msaidizi akahakikisha. Hapakuwa na somo zito. Kila aliyewahi kukaa darasani anajua kuwa nusu ya machozi ya anayeanza hutoka kwenye mashine iliyokataa, na anadhani ni yeye aliyekosea. Wao waliyamaliza machozi hayo usiku wa kuamkia darasa.

Jumamosi asubuhi ikawa somo, na kila mtu aliandika pamoja na mwalimu, mstari kwa mstari. Mchana ikawa mazoezi ya vikundi vidogo, kila mmoja akichagua anachokipenda. Zoezi moja lilikuwa ni programu ya kutafuta maneno ya mchezo wa Scrabble. Wasaidizi walikuwa wengi, wakizunguka kati ya meza, ili asikae mtu na mkono juu bila ya kuonwa.

Jambo la mwisho ndilo lililotugusa. Warsha haikuishia Jumamosi jioni. Washiriki walikaribishwa kwenye vikao vya kawaida vya kikundi kikubwa, zikiwemo jioni za mazoezi ambapo hakuna mhadhara, kila mtu analeta kazi yake na kuomba msaada. Walikuta nyuso wanazozijua, kwani wasaidizi wa warsha walikuwa ni watu wa kikundi hicho hicho. Idadi ya wanawake vikaoni ikapanda na kufikia kama asilimia 15, na ikabakia hapo. Siku yao wenyewe iliwafungulia mlango wa ukumbi mkubwa.

Mbegu ilivyosambaa

Boston hawakuwa peke yao. Mwaka 2010, Helsinki, Finland, Linda Liukas na Karri Saarinen walifanya mkutano wa kwanza wa Rails Girls, mafunzo ya bure ya wasichana. Mwaka 2011 wanawake saba wa Los Angeles walianzisha PyLadies, ambayo leo ina matawi katika nchi nyingi. Na mwaka 2014 vijana wawili wa Kipoland, Ola Sitarska na Ola Sendecka, walifanya warsha ya kwanza ya Django Girls mjini Berlin, pembeni ya mkutano mkubwa wa Python wa Ulaya.

Django Girls walipanga msaidizi mmoja kwa kila washiriki watatu. Walikuwa na jioni ya kutayarisha mashine, kama Boston. Walipamba ukumbi, wakaweka vitu vitamu mezani, wakaandika kitabu cha mafunzo kwa lugha ya mtu anayezungumza na rafiki yake, na wakakiachia bure kwenye mtandao ili kila mji ukitumie. Warsha zao zimefika Afrika na kwengineko, zikiongozwa na wenyeji wa kila mahali.

Somo na mwari

Tulipofika hapo tulitazamana, kwa sababu mpango huo tunao kwetu tangu zama za bibi zetu.

Msichana wa pwani anapokaribia kuolewa hapelekwi ukumbini kusikiliza mhadhara. Anapewa somo wake, mwanamke mmoja mzima aliyepita njia hiyo. Somo humfundisha mwari faraghani, kidogo kidogo, kwa mkono wake mwenyewe. Hamcheki anapouliza, na siri ya alichokosea haitoki mlangoni. Na baada ya harusi somo haondoki, bado bi harusi ana wa kumkimbilia. Mwana Kupona wa Pate, katika karne ya 19, alipotaka kumuusia binti yake, alimtungia utendi unaomsemesha yeye, mama na mwana, akianza na dini yake na nyumba yake.

Mama zetu hawa walijua kwamba anayeanza anahitaji mtu wa karibu naye, mahali pasipo na aibu, na mambo yanayoanzia kwenye maisha yake. Boston na Berlin wameyafikia hayo hayo kwa njia yao. Sisi tunalo la kuongeza ni kuyapeleka kwenye kompyuta.

Tunavyopanga vikao vyetu

Kutokana na hayo yote, haya ndiyo tuliyokubaliana, nanyi mnaweza kuyachukua mkayafanya kwenye mitaa yenu, Unguja au Pemba.

Kwanza, siku ya kutayarisha mashine itakuwa mbali na siku ya somo. Asiyekuwa na laptopu atakaa na mwenziwe, wawili mashine moja. Programu tutazipakua mapema na kuzitia kwenye flashi, tusitegemee intaneti ya ukumbini wala umeme usiokatika.

Pili, muda utafuata sala. Tunaanza baada ya Alasiri, tunamaliza kabla ya Magharibi, na chumba cha kusalia kitakuwepo. Mwenye mtoto aje na mtoto wake, tutakuwa na dada wa kuwaangalia kwenye chumba cha pili.

Tatu, kila watatu watakuwa na somo wao. Tutamwita hivyo hivyo, somo. Si lazima awe bingwa. Aliyejifunza mwaka jana anafaa kuliko aliyejifunza miaka 20 iliyopita, maana bado anakumbuka alipokwama.

Nne, kila mzungumzaji atakuwa na dakika 20 na jambo moja tu. Neno geni akilitumia, alieleze hapo hapo. Na kabla ya kikao atamsomea mada yake mtu asiyejua programu kabisa, mama yake au wifi yake. Pale mama atakapouliza maana yake nini, ndipo pa kurekebisha.

Tano, mada zitaanzia nyumbani, kama alivyofanya al-Khwarizmi. Cha kwanza ni programu ndogo ya kugawa gharama za harusi: mahari, mavazi, chakula cha wageni, nini kimelipwa na nini bado. Cha pili ni kupiga hesabu ya zaka ya dhahabu. Cha tatu ni orodha ya wageni, nani amealikwa na nani amethibitisha. Cha nne ni mirathi ya familia ndogo, tukisaidiwa na ustadhat anayeijua fani, kwani hukumu hatuzitoi sisi wala kompyuta. Ndani ya mambo hayo manne mtu hujifunza kuhesabu, kuhifadhi majina, kuuliza mashine kama hili ni kweli au si kweli, na kurudia kazi mara nyingi bila ya kuchoka. Hiyo ndiyo misingi ya lugha yoyote ya programu.

Sita, mwanzo wa kila kikao tutafanya kama wale wa California: kila mmoja aseme jina lake, anachoweza kugawa na anachotafuta. Anayesema hana cha kugawa tutamkumbusha kuwa suala lake ni zawadi, maana walio kimya wanalo hilo hilo.

Mlango wa ukumbi mkubwa

Limebaki jambo moja ambalo sisi wenyewe tulibishana. Wengine kati yetu walisema tubaki na siku yetu basi, kwa nini tuhangaike na vikao vya mchanganyiko? Wengine wakasema kazi, mawasiliano na habari za nafasi viko huko, na tukijifungia tutakuwa tumejinyima.

Tulichoafikiana ni hiki. Siku ya kina dada itabaki, haina mwisho, na anayeridhika nayo hakosi kitu mbele yetu. Lakini kila baada ya miezi mitatu atakayependa ataongozana na wenzake kwenye kikao cha kikundi kikubwa, kwa stara yake na adabu yake, akiwa na angalau wawili anaowajua. Asikae nyuma peke yake. Na tutakwenda kwa waandaaji wa vikao hivyo tuwaombe wazi, kama walivyoomba wanawake wa Madina, kwamba kila kikao kiwe na mada moja ya anayeanza. Hatuoni aibu kuomba jambo ambalo wema waliotutangulia waliliomba na wakapewa.

Kwa hivyo wewe uliyetuandikia kwamba ulikaa nyuma ukaondoka, rudi. Njoo na daftari, njoo na mtoto, na kama unaweza njoo na shoga yako mmoja. Kiti chako safari hii kiko mbele, na pembeni yake kuna somo.

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa, ayatie baraka majumba ya mabiharusi wetu, na atujaalie tuwe wenye kufundishana kwa upole. Aamin.

Wabillahi tawfiq.